Maji Baridi ya Delaware

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti, katika mji mdogo wa Hancock jimboni New York, matawi mawili ya mto Delaware hukutana chini ya vilima vya Catskill, na aingiaye majini kwa miguu huitambua tofauti yao bila kuhitaji kipimo. Tawi la Mashariki huwa vuguvugu, kina chake kimepungua, mawe yake yamevaa utelezi wa kijani. Tawi la Magharibi, lililopita bonde la jirani chini ya jua lilelile, huwa baridi kiasi cha kutia ganzi vifundo vya miguu; na jioni, hewa yenye joto inapoligusa, ukungu huinuka juu yake na kuuficha ukingo wa pili. Samaki waitwao trauti, wasioyastahimili maji ya joto, huijua ramani hii kuliko mtu yeyote. Huyaacha maji ya vuguvugu na kujazana upande wa baridi. Nyuma yao huja wavuvi.

Wavuvi hawa hawatafuti kitoweo. Wengi wao humrudisha samaki majini mara baada ya kumnasua. Chambo chao ni nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya, nywele za wanyama na nyuzi hadi ikafanana na mdudu wa majini. Na kwa kuwa chambo hicho hakina uzito wowote, uzito umewekwa katika mshipi wenyewe, unaorushwa hewani kwa mikupuo ya ufito mpaka utue polepole juu ya maji. Anayevua hivyo hana budi kujua ni mdudu gani anayeruka saa ile, na mto una hali gani: kina, kasi, uangavu na, zaidi ya yote, joto. Hapo ndipo mwisho wa kiangazi na mwanzo wa vuli hupata umuhimu wake. Maneno hayo mawili, hata hivyo, yanahitaji tahadhari yakivushwa bahari. Kiangazi cha Delaware huishia mwezi wa Septemba, na vuli yake si ile ya mvua fupi inayongojwa na wakulima wa Afrika Mashariki, bali ni majira ya majani kubadilika rangi na kupukutika, ambayo mvua yake huweza kuja au isije kabisa.

Vitabu vya wavuvi huueleza mto huu kana kwamba ulikuwa hivyo tangu kuumbwa. Ukweli ni mwingine. Baridi ya Tawi la Magharibi mwezi wa Agosti haikutoka mlimani. Ilitoka katika hukumu ya mahakama, katika kiu ya jiji lililo zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo, na katika vijiji ambavyo leo viko chini ya maji. Wala hakuna mtu aliyekusudia iwepo.

Kabla ya yote hayo palikuwa na Walenape, ambao mto huu ulikuwa uti wa mgongo wa nchi yao. Jina la Delaware walipewa na Waingereza, kwa heshima ya bwana mmoja wa kikoloni, Lord De La Warr. Kisha wakaitwa wao wenyewe kwa jina hilo, na mwishowe wakasukumwa magharibi hadi wengi wa vizazi vyao wakajikuta Oklahoma na Ontario. Katika mabonde ya Catskill yalibaki majina tu, na mojawapo, Pepacton, litarudi baadaye katika simulizi hii likiwa limebandikwa kwenye bwawa.

Samaki wa asili wa vijito vile alikuwa trauti wa vijitoni, mwenye madoa mekundu yaliyozungukwa na buluu, mzuri wa kutazama na mwepesi wa kudanganyika. Huyu hutaka maji ya baridi kweli, na baridi hiyo ililindwa na kivuli cha miti ya hemloki iliyofunika miteremko. Karne ya 19 iliiondoa miti hiyo. Magome ya hemloki yana tanini nyingi, na tanini ndiyo igeuzayo ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu na mikanda. Kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kuzileta ngozi milimani kuliko kuyapeleka magome mjini, ngozi zilisafirishwa kutoka Amerika ya Kusini, zikapandishwa mto Hudson, zikaburutwa kwa magari ya ng'ombe hadi katika viwanda vilivyojengwa kando ya vijito. Zadock Pratt, aliyefungua kiwanda chake katika miaka ya 1820, alipata utajiri mkubwa hivyo, na mji wa Prattsville ukachukua jina lake. Miti ilikatwa, ikabanduliwa magome, na magogo mengi yakaachwa yaoze pale pale. Uchafu wa viwanda ulimwagwa mitoni. Hemloki ilipokwisha, viwanda vilifungwa, na vijito vikabaki wazi mbele ya jua.

Pengo hilo lilijazwa na mgeni. Mwaka 1883 Baron Friedrich von Behr wa Ujerumani alimpelekea Fred Mather, mtaalamu wa ufugaji wa samaki aliyekutana naye katika maonyesho ya Berlin mwaka 1880, shehena ya mayai ya trauti kahawia. Mayai hayo yaliangulia New York, na baada ya miaka michache samaki wa Ulaya walikuwa wamesambaa katika mito ya mashariki mwa Marekani. Shehena nyingine zilitoka Loch Leven, ziwa la Scotland, ambalo miaka ishirini hivi baadaye lilitoa pia mayai yaliyopelekwa Kenya na Ewart Grogan, mwaka 1905, yakatiwa katika mto Gura kwenye safu ya Nyandarua. Trauti wa Gura na baadhi ya trauti wa Marekani, kwa hiyo, ni ndugu wa ziwa moja, waliotawanywa na watu wa zama moja waliodhani kwamba kila mto wa baridi duniani ulikuwa ukimsubiri samaki wao.

Trauti kahawia huvumilia maji yenye joto kidogo kuliko yule wa asili. Pia ni mjanja. Wavuvi waliozoea kumnasa samaki kwa ndoana yoyote yenye manyoya mekundu walirudi mikono mitupu, na wengi walimlaani mgeni huyu. Aliyemwelewa alikuwa Theodore Gordon, mtu mpweke, mgonjwa wa kifua, aliyejitenga na mambo ya mji na kuishi kando ya mto Neversink. Mwaka 1890 Frederic Halford, bingwa wa Uingereza wa nzi aeleaye juu ya maji, alimtumia Gordon barua iliyofungashwa nzi wake. Gordon aliona haraka kwamba nzi wale walifungwa kwa ajili ya mito ya kusini mwa Uingereza, inayotembea taratibu kama maji ya mfereji, na kwamba wadudu wa Catskill ni wengine na maji yake yana haraka. Akatafuta manyoya magumu ya shingo ya jogoo, yasiyolowa upesi, akabuni nzi wake mwenyewe. Alifariki mwaka 1915. Familia chache za wilaya hiyo ziliendeleza ufundi wake: Walt na Winnie Dette, Harry na Elsie Darbee, ambao walifuga kuku maalumu kwa sababu ya rangi ya manyoya yao tu. Yapo mataifa yaliyoanzisha shule za fasihi kwa kelele kubwa kuliko hizo zilizofanywa Catskill kwa jogoo na uzi wa hariri.

Sehemu ya Neversink aliyoivua Gordon haiwezi kuvuliwa tena na mtu aliyesimama kwa miguu yake. Imo chini ya bwawa.

Jiji la New York limekuwa likifuata maji mbali zaidi katika kila kizazi. Mwaka 1842 lilileta maji ya mto Croton. Lilipoungana na maeneo jirani mwaka 1898 na idadi ya watu ikapanda ghafla, liliigeukia milima ya Catskill, na bwawa la Ashokan likaanza kutoa maji mwaka 1915. Katika miaka ya 1920 macho yalihamia Delaware. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa maana Delaware si mto wa New York peke yake: baada ya Hancock huwa mpaka kati ya New York na Pennsylvania, kisha kati ya Pennsylvania na New Jersey, na hatimaye hulifikia jimbo la Delaware na ghuba yake. Wakazi wa Philadelphia huunywa. New Jersey ilikwenda Mahakama ya Juu ya Marekani kuzuia mpango huo.

Hukumu ya mwaka 1931 iliandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes, akiwa na umri wa miaka 90. Alieleza kwamba mto si pambo la mandhari tu bali ni hazina, kwamba uhai wa watu umo ndani yake, na kwamba jimbo la juu haliwezi kuukata mto wote hata kama lina uwezo wa kufanya hivyo, wala majimbo ya chini hayawezi kulitaka la juu liache kila tone lipite. New York iliruhusiwa kuchukua galoni milioni 440 kwa siku, yaani zaidi kidogo ya lita bilioni 1.6. Mwaka 1954 Mahakama iliirekebisha amri hiyo: galoni milioni 800 kwa siku, kiasi cha lita bilioni 3, mradi jiji lifungulie maji ya kutosha kutoka mabwawani mwake ili mtiririko wa mto unaopimwa Montague, New Jersey, usishuke chini ya futi za ujazo 1,750 kwa sekunde, karibu mita za ujazo 50. Aliteuliwa pia ofisa wa kuisimamia amri hiyo, aitwaye Msimamizi wa Mto, na cheo hicho kipo hadi leo. Waswahili husema maji hufuata mkondo. Tangu mwaka ule, maji ya Delaware hufuata kwanza karatasi.

Katika karatasi hizo neno trauti halikuwa na nafasi. Hesabu ilikuwa ya wanywaji wa juu na wanywaji wa chini.

Gharama yake ililipwa na watu wa mabonde. Bwawa la Neversink lilikamilika mwaka 1953. Kijiji cha Neversink kilihamishiwa pengine, na kijiji cha Bittersweet kikatoweka. Bwawa la Pepacton, kwenye Tawi la Mashariki, lilizamisha vijiji vinne: Arena, Shavertown, Union Grove na Pepacton chenyewe. Bwawa la Cannonsville, kwenye Tawi la Magharibi, lililoanza kazi mwaka 1964, lilizamisha vijiji vingine, kikiwamo cha Cannonsville kilichoupa ukuta jina lake. Katika kila moja la mabwawa hayo mawili makubwa watu waliokaribia elfu moja walihamishwa. Sheria iliwapa fidia, na fidia ilijadiliwa mbele ya tume kwa miaka, wengine wakiona kwamba thamani ya shamba lililolimwa na vizazi vitatu haisemeki katika lugha ya wakadiriaji. Miti ilifyekwa. Nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili bonde liwe safi kabla ya kujazwa. Makaburi yalifukuliwa na mifupa ikazikwa upya mahali pa juu.

John Burroughs, mwandishi wa mambo ya maumbile aliyezaliwa Roxbury, juu ya bonde hilo hilo, alikuwa amechapisha mwaka 1881 kitabu kiitwacho Pepacton, kinachosimulia safari yake ya kushuka Tawi la Mashariki kwa mashua aliyoiunda kwa mikono yake. Sehemu kubwa ya njia ile sasa ni ziwa la galoni bilioni 140. Mtu akitaka kuirudia safari ya Burroughs kwa ukamilifu itambidi apite juu ya mapaa ambayo hayapo tena.

Lakini fizikia ya ziwa refu haikuwauliza majaji. Katika majira ya joto maji ya bwawa hujipanga tabaka: ya juu, yaliyopigwa na jua, huwa mepesi na ya joto; ya chini hubaki mazito, yakiwa na baridi ya majira yaliyopita. Milango ya kufungulia mto ipo chini ya ukuta. Kwa hiyo kila New York ilipotimiza deni lake kwa majimbo ya chini mwezi wa Julai au Agosti, ilikuwa ikimwaga mtoni baridi ya Februari iliyohifadhiwa. Kabla ya Cannonsville, mto ulio chini ya Deposit ulikuwa katika kiangazi maji ya samaki wa joto. Baada yake, trauti walianza kuonekana na kunenepa katika maeneo ambayo wazee wa Hancock hawakuwahi kuwaona mwezi wa Agosti, na wakashuka hata kwenye mto mkuu. Humo walikuwamo pia trauti wa upinde wa mvua, samaki wa pwani ya Pasifiki. Wenyeji hupenda kusimulia kwamba hao waliingia Delaware siku treni iliyowabeba ilipoharibika karibu na Callicoon, na mfanyakazi mmoja wa reli akaona afadhali kuwamwaga kijitoni kuliko kuwaacha wafe katika mapipa. Ni hadithi tamu, na inasimuliwa kwa namna nyingi mno kuwa ushahidi wa mahakamani.

Kuna kejeli nyingine, kubwa zaidi. Kati ya mabwawa yote matatu, Cannonsville ndilo lililokuwa na maji duni. Bonde lake lilikuwa la mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Mbolea na maji machafu yalilishibisha fosforasi, na mwani ukastawi. Jiji lilipendelea kunywa maji ya Pepacton na Neversink na kulipia deni la Montague kwa maji ya Cannonsville. Ndiyo maana Tawi la Magharibi hupata baridi tele, ilhali Tawi la Mashariki hufunguliwa kidogo, husafiri zaidi ya kilomita 50 chini ya jua, na njiani hupokea maji ya Beaverkill, mto usio na bwawa, unaopata joto kama mto wowote wa Agosti. Mto wa trauti unaosifiwa kuliko yote mashariki mwa Marekani ulijengwa na maji ambayo jiji halikutaka kuyanywa.

Haukujengwa kwa utulivu. Ukame wa miaka ya 1960 ulikuwa mkali kuliko wote uliowahi kurekodiwa katika bonde hilo, na mwaka 1965 New York, ikiona mabwawa yake yakikauka, ilisimamisha maji iliyodaiwa kwa amri ya Mahakama. Chini, mtiririko ulipodhoofika, maji ya chumvi yalipanda kutoka ghubani kuelekea mahali Philadelphia inapochotea maji yake. Wakazi wa kando ya Pangani, walioiona bahari ikiingia mtoni kwao kadiri mto ulivyopungua nguvu, wangeielewa hofu ya mji ule bila mkalimani. Mgogoro ulitulizwa na Tume ya Bonde la Mto Delaware, iliyoanzishwa mwaka 1961 na kuyakutanisha majimbo manne na serikali ya shirikisho. Kwa samaki, hata hivyo, miaka ya kawaida haikuwa salama kuliko ya ukame. Milango ilifunguliwa na kufungwa kwa kufuata namba ya Montague pekee. Mvua ikinyesha Pennsylvania, au bwawa la umeme la Wallenpaupack likitoa maji yake, deni la jiji lilipungua na mlango ulifungwa. Mto uliokuwa umefika kiunoni asubuhi ungeweza kuwa wa kifundoni kesho yake, samaki wamenaswa katika vidimbwi vinavyochemka.

Hapa pana jambo lisiloingia akilini kwa urahisi, na ambalo kila mvuvi wa Delaware hujifunza kwa kuumia. Kiangazi chenye mvua chaweza kuwa kibaya, kwa sababu mvua ya chini hulilipia jiji deni lake, na mto wa juu hunyimwa baridi. Kiangazi cha ukame, mpaka bwawa litakapopungua mno, huujaza mto.

Katika miaka ya 1970 wavuvi na wenyeji, wakiwa wamekusanyika katika chama kilichoitwa Catskill Waters, walilisukuma bunge la jimbo, na sheria ya mwaka 1976 iliipa idara ya mazingira ya New York uwezo wa kuweka kiwango cha chini cha maji yanayofunguliwa kwa ajili ya mto wenyewe. Muungano huo una ajabu yake. Mvuvi aliyetoka mjini na gari lake na fito zake ndiye aliyekuwa ameyanywa maji ya Shavertown maisha yake yote, na sasa alikaa meza moja na watu waliohamishwa Shavertown, akidai kwa niaba ya samaki aliyeletwa na bwawa lililowahamisha. Historia ya mazingira ya Marekani mara nyingi huandikwa kama vita kati ya wajenzi wa mabwawa na wapenda mito. Kwenye Delaware mgawanyo huo haushiki: bila ukuta wa Cannonsville wapenda mito hawangekuwa na kitu cha kukipigania mwezi wa Agosti.

Makubaliano yaliendelea kurekebishwa, yakihitaji kila mara ridhaa ya majimbo manne na jiji, wote kwa pamoja. Mafuriko matatu mfululizo, ya Septemba 2004, Aprili 2005 na Juni 2006, yalileta mezani sauti mpya ya watu wa chini waliotaka mabwawa yaachiwe nafasi tupu ya kupokea mvua. Mpango wa mwaka 2007, na mwingine ulioufuata mwaka 2017, ulijaribu kuwaridhisha wanywaji, waoga wa mafuriko na wavuvi kwa jedwali moja la milango. Mpango huo wa pili una akiba ndogo ya maji inayoweza kufunguliwa siku za joto kali, na vipimo vya joto vya Lordville, chini ya Hancock, hutazamwa kwa makini kama homa ya mtoto.

Ndani ya jedwali hilo ndimo majira yanamopita. Mwezi wa Agosti mvuvi huanza alfajiri, kabla joto halijapanda, kwa sababu wakati huo huruka mdudu mdogo mno, mwenye kiwiliwili cheusi na mabawa meupe, anayeigwa kwa ndoana isiyozidi punje ya mchele. Wingu lake huanguka juu ya maji katikati ya asubuhi, na trauti huyasharabu maiti yake bila kuharakisha. Mchana ni wa mende, panzi na sisimizi waangukao kutoka ukingoni. Siku moja au mbili mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, baada ya mvua na jua kali, sisimizi wenye mabawa hutoka kwa mkupuo kama kumbikumbi watokavyo baada ya mvua za kwanza, na samaki wote huingiwa na wazimu. Mvuvi asiye na nzi wa kufanana nao siku hiyo atabaki kushuhudia tu. Wengi hubeba kipimajoto. Maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi huufungasha mshipi, kwa kuwa samaki aliyenaswa katika maji ya joto, yenye oksijeni kidogo, huweza kuogelea vizuri machoni pa mvuvi na kufa saa moja baadaye. Kwenye Beaverkill, ambako hakuna mlango wa kufungua, sehemu iliyo karibu na Horton hufungwa kabisa Julai na Agosti, maana trauti hujikusanya mahali pa maji ya baridi wakiwa wamebanana, na kuwavua hapo ni sawa na kuiba katika hospitali.

Septemba huleta kupumua. Usiku hurefuka, mabonde hupoa, na Tawi la Mashariki na Beaverkill hurudiwa na samaki wao. Wakati huo huonekana mdudu wa rangi ya damu ya mzee, mwenye mstari mweupe mgongoni, ambaye kabla ya kuota mabawa huogelea kwa kasi kama kidagaa na kupanda mawe ili ajivue ngozi. Na siku za mawingu na manyunyu huja wale wadogo wa rangi ya zeituni na kijivu, ambao wataendelea mpaka Oktoba, majani mekundu ya mipo yakielea kati yao na kuukamata mshipi kila unapotua. Lakini ni katika majira haya pia deni la kiangazi hudhihirika. Mwaka wa ukame, Cannonsville hufika Septemba ikiwa imechotwa sana. Tabaka la baridi limekwisha, maji yafunguliwayo huwa ya vuguvugu na yenye tope, na mto uliokuwa kimbilio mwezi wa Julai huwa dhaifu kuliko jirani zake wasio na ukuta.

Vuli ya mwaka 2024 ilikuwa kavu kupita kiasi. Jiji lilikuwa limepanga kulifunga handaki la Delaware, lenye urefu wa kilomita 137, handaki refu kuliko yote duniani, ili liunganishe kipande kipya kilichochimbwa chini ya mto Hudson mahali handaki la zamani linapovuja mamilioni ya galoni kila siku. Kazi ilianza mwezi wa Oktoba. Mvua haikuja, moto ukazuka katika misitu ya New York na New Jersey, na mwezi wa Novemba jiji lilitangaza onyo la ukame na kuisimamisha kazi ili maji ya Delaware yaendelee kwenda mjini.

Majuma hayo hayo ndiyo ya kuzaa kwa trauti kahawia. Jike hulala ubavu, hupiga changarawe kwa mkia mpaka shimo lipatikane, hutaga mayai yake na kuyafukia. Mahali anapochagua huwa na maji ya kina kifupi yanayotembea, na huchagua kwa kupima kina cha siku ile. Mayai hukaa changaraweni majira yote ya baridi, hadi karibu na masika, na katika muda huo wote yanahitaji kufunikwa na maji.